Barua za kutoka: namna tunavyoziandaa masjala huku Mtwara mpaka zifike

Swali utakaloulizwa kila siku ukikaa masjala (chumba cha barua na majalada ya ofisi) ni moja tu, "ile barua yangu ilitoka?", na anayeuliza huwa ameegemea mlango, miwani mkononi, haraka zake zote anataka uzimalize wewe. Ukijibu "ndio ilitoka" kwa kukumbuka kichwani tu umekwisha, maana swali la pili ni "ilitoka lini, alipokea nani", na kama huna kitabu cha dispachi, kile cha kuandikia kila barua inayotoka, cha kumfungulia akaona mwenyewe utaanza kujikuna. Nimekaa kwenye meza hii miaka tisa sasa, kwanza chuoni alafu kwenye ofisi kubwa niliyopo saivi, yote hapahapa Mtwara, na kwangu mimi barua ambayo haina saini ya mtu aliyeipokea bado haijatoka, hata kama wenzetu Dodoma wanaisoma muda huu.

Haya naandika kwa ajili ya wadogo zangu wanaokuja fildi, na wale waliohamishiwa masjala kama adhabu wakadhani ni kazi ya kulamba bahasha. Najua utaniambia siku hizi kuna barua pepe, kuna e-Office, jalada linatembea kwenye kompyuta toka kwa mkuu mpaka kwa ofisa bila mtu kunyanyuka. Ni kweli na imetupunguzia mengi. Ila cheti halisi hakiendi kwa barua pepe, mkataba uliosainiwa kwa kalamu hauendi kwa barua pepe, na mzee wa kijiji huko Tandahimba aliyeandika barua kwa mkono kulalamikia shamba lake anataka karatasi yenye mhuri ashike mkononi. Kwa hiyo bahasha bado zipo sana.

Tuanze na barua yenyewe kabla hujagusa bahasha. Ikitoka kwa bosi imesainiwa usiipokee kama unapokea chenji kwenye daladala, isome. Simaanishi usome mambo ya watu, angalia vitu vyako: kuna saini, kuna jina na cheo chini ya saini, kuna mhuri kama ni barua ya kupigwa mhuri, kuna Kumb. Na. (kumbukumbu namba), kuna tarehe. Tarehe ndo inayoleta maneno mengi. Katibu muhtasi anataipu Jumatatu anaweka tarehe ya Jumatatu, bosi yuko safari, anasaini Alhamisi ya wiki inayofuata, sasa barua inasema "ndani ya siku saba tangu tarehe ya barua hii" wakati siku saba zimeshakwisha ikiwa mezani kwetu. Hiyo rudisha, hata kama katibu atakununia. Akununie tu, jioni mtapatana.

Kumb. Na. usiione pambo. Mfano iwe CH/MT/20/47/112, ile 47 ni namba ya jalada na 112 ni folio, yani namba ya barua hiyo ndani ya jalada. Barua ikijibiwa, mwenzako anaitaja namba hiyo (ndo maana juu pale pameandikwa "Unapojibu tafadhali taja") na wewe unakwenda moja kwa moja kwenye jalada bila kufukua kabati zima. Sasa nakala ya faili lazima iingie kwenye jalada na kupewa folio KABLA ya halisi kuondoka, sio baadae, kwasababu baadae haiji. Nimeona majalada yana folio 88 alafu 90 na hakuna binadamu anayejua 89 ilisema nini.

Alafu viambatisho. Chini ya barua pameandikwa "Viambatisho: 3", hesabu vitatu kwa mkono wako, na angalia "Nakala kwa" kuna watu wangapi, kila mmoja anataka bahasha yake. Barua moja yenye nakala nne ni bahasha tano, na aliyezoea kuzisahau nakala ndo huyohuyo anayekuja kusema masjala wanachelewesha.

Haya, anwani. Hapa nitakaa kidogo maana barua nyingi zinapotea kwa sababu ya anwani kuliko kwa sababu ya posta, na watu wanapenda kuwatupia posta.

Kwetu Tanzania barua ya posta inakwenda kwenye sanduku, S.L.P., na sanduku linakaa kwenye ofisi ya posta fulani. Maana yake mstari wa muhimu kuliko yote ni ule wa mji baada ya S.L.P., kwasababu namba hiyohiyo ya sanduku ipo Lindi, ipo Masasi, ipo Dar es Salaam. Ukiandika namba ukasahau mji umeandika nusu ya anwani. Na mji wenyewe uandike vizuri, huku kwetu tuna mtego: majina yanayofanana na ya kwingine. Mnazi Mmoja ya kwetu ipo Lindi, pale njiapanda ya kwenda Masasi, lakini ukiandika "Mnazi Mmoja" peke yake kila mtu aliyeko kaskazini ya Rufiji anajua ni ile ya Dar, na Wazanzibari nao wana yao. Magomeni ipo Mtwara na ipo Dar. Shangani ipo Mtwara na ipo Unguja. Mikindani ipo kwetu na ipo Mombasa, nchi nyingine kabisa! Kwa hiyo usiishie jina la mtaa, malizia na mji na mkoa, MTWARA au LINDI, kwa herufi kubwa, mstari wake peke yake.

Kuna na lile la matamshi. Sisi watu wa kusini tunajijua, mtu anasema "Ntwara" na anaandika hivohivo. Mteja anakutajia kijiji kwenye simu, unaandika ulivyosikia, kumbe kwenye ramani kimeandikwa vingine. Kitangari kule Newala utaikuta Kitangari, utaikuta Kitangali, na zote mbili zinafika maana watu wameshazoea, ila vijiji vidogo havina bahati hiyo. Ukiwa na shaka usikisie, mpigie mwenyewe akutumie kwa meseji, na umwombe akutajie na wilaya.

Postikodi nayo iandike. Ni tarakimu tano, za Mtwara zinaanza na 63 na za Lindi zinaanza na 65, na ukishuka mpaka tarakimu ya mwisho inakupeleka kwenye kata. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, ile ambayo vibao vya mitaa vilikuwa vinachomekwa kila kona kabla ya sensa ya Agosti, kila nyumba ina namba na jina la barabara. Wengi tuliona ni mradi wa vibao tu lakini kwa barua ya mkono (namaanisha ile inayopelekwa na mhudumu wetu kwa pikipiki hapa mjini) imesaidia sana, zamani ilikuwa "ukifika mwembe mkubwa uliza kwa mama anauza vitumbua", na siku mama hajauza barua inarudi.

Kwa vijijini sanduku mara nyingi sio la mtu, ni la shule au la parokia au la chama cha msingi cha wakulima. Hapo andika jina la mwenye barua kwanza, alafu mstari wa pili "kupitia kwa Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi fulani", alafu sanduku lao. Ukiandika jina la mtu na sanduku bila kutaja shule, anayefungua lile sanduku anaona jina asilolijua, anaiweka pembeni, inakaa pembeni mpaka inageuka rangi. Na andika namba ya simu ya mpokeaji kwenye bahasha pale chini ya anwani, isipokuwa kwa barua za siri. Wazee wa kazi walikuwa wanasema sio utaratibu, mimi nasema simu ndo inayofikisha barua siku hizi.

Bahasha yenyewe haina mengi. Karatasi ya A4 ikikunjwa sehemu tatu sawa inakuwa na kimo cha milimita 99, inaingia kwenye bahasha ndefu ya DL ambayo ni 110 kwa 220, hiyo ndo ya barua ya ukurasa mmoja hadi mitatu. Ikikunjwa mara moja katikati inaingia bahasha ya C5. Cheti, mkataba, kitu chochote ambacho mtu atakitia kwenye fremu, usikikunje, tumia bahasha ya C4, ile inayoingia A4 nzima, na ndani weka kipande cha boksi, yale maboksi ya karatasi za fotokopi usiyatupe, yakate kwa saizi ya A4 yakae tayari kwenye shelfu. Toa klipu, toa pini za juu juu. Pini inatoboa bahasha, inachana na karatasi ya mwenzako njiani.

Jina na anwani ya mtumaji juu kushoto, stempu juu kulia, anwani ya mpokeaji katikati kuelekea kulia, chini acha nafasi tupu. Nimeona mtu ameweka mhuri mkubwa wa ofisi juu ya anwani ya mpokeaji, umepigwa kwa nguvu na wino wa bluu, na hapo ndipo S.L.P. ilipokuwa. Mhuri unakaa nyuma kwenye kifuniko cha bahasha, nusu kwenye kifuniko nusu kwenye mwili wa bahasha, ili mtu akifungua njiani ile duara isikutane tena sawasawa.

Kitu kimoja ambacho hutakikuta kwenye mafunzo ya Dodoma ni unyevu. Sisi tuko baharini, na msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, bahasha za gundi zinajifunga zenyewe kabatini. Unafungua pakiti ya bahasha mia unakuta kama sabini zimeshikana. Tunachofanya, pakiti ikishafunguliwa zinazobaki zinaingia kwenye mfuko wa nailoni unafungwa kabisa, na kati ya vifuniko tunapitisha kipande cha karatasi. Anwani za kuprinti kwa zile printa za wino wa maji nazo zinayeyuka, mhudumu mkono umetoka jasho ameshika bahasha kumi, akifika posta S.L.P. imekuwa wingu. Tumia printa ya leza au andika kwa kalamu ya bolpeni kwa mwandiko wa kusomeka, hakuna aibu kuandika kwa mkono. Na kufunga tafadhali usilambe! Weka sponji kwenye kisosi cha maji, bahasha hamsini kwa dakika kumi, na ulimi wako unabaki wa kunywea chai.

Sasa barua nyingi kwa mpigo. Hapa nina kovu.

Nikiwa chuoni tulikuwa na barua 180 za wanafunzi, kila moja kurasa mbili, ukurasa wa kwanza jina na maelezo, wa pili matokeo yake na ada anayodaiwa. Zimeprintiwa kutoka kwenye orodha ya Excel, tumepanga meza tatu, mmoja anakunja mmoja anaingiza mmoja anafunga, stori zinaendelea, redio inaimba. Kumbe kwenye barua ya 41 printa ilimeza karatasi, ukurasa wa pili haukutoka. Mwenzetu akachukua ukurasa wa pili wa barua iliyofuata akauweka pale, na kuanzia hapo kila mwanafunzi akapewa matokeo ya mwenzake wa nyuma. Tuligundua tulipofika mwisho, barua ya 180 ina ukurasa mmoja tu, tukaangaliana. Bahasha karibu 140 zenye kosa zimeshafungwa kwa gundi. Tulizichana zote usiku ule, na bahasha mpya zilitoka kwenye mfuko wetu wenyewe kwasababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kwenda kuomba vocha kwa mhasibu.

Toka siku hiyo nafanya hivi. Barua zinagawanywa kumi kumi, kila kumi inakuwa na bahasha zake kumi, ukimaliza kumi hakuna bahasha inayobaki na hakuna barua inayobaki, ikibaki mojawapo unasimama hapohapo na kosa lipo ndani ya zile kumi tu. Kila ukurasa unakuwa na jina au namba ya usajili juu, hata wa pili hata wa tatu, mwambie anayetengeneza barua aweke. Na hazifungwi mpaka mtu wa pili, sio yule aliyeingiza, avute karatasi nusu aone jina la ndani ni lile la nje. Huku kwetu hii ya jina usiichukulie poa, kwenye orodha moja unaweza kuwa na Fatuma Hamisi watatu na Issa Mohamedi wanne, wawili wanatoka wilaya moja, kwa hiyo linganisha namba ya usajili, jina peke yake halitoshi.

Kama ofisi yenu inatumia bahasha za dirisha, gonga bahasha ubavu wa kushoto kisha wa kulia, barua icheze ndani, alafu angalia dirishani: anwani bado inaonekana yote? Na je kuna kingine kinachungulia? Niliwahi kuona barua ya mshahara, jina linaonekana na chini yake kiasi kinaonekana. Ofisi nzima ilijua kabla ya mwenyewe.

Barua za SIRI zina mlango wake. Bahasha mbili. Ya ndani ina jina au cheo cha mpokeaji, Kumb. Na., na neno SIRI juu na chini, imefungwa, mhuri kwenye maungio, na sisi tunapitisha na solotepu juu ya mhuri. Ya nje ni bahasha ya kawaida kabisa, anwani tu, haina neno SIRI wala chochote cha kumfanya mtu atamani. Ukiandika SIRI nje umeshatangaza. Kwenye kitabu unaandika namba yake tu, kichwa cha habari hukiandiki, na kama ofisi ina masjala ya siri basi wewe wa masjala ya wazi usiiguse hata ukiombwa "nisaidie mara moja".

Tukija kwenye posta. Uzito kwanza. Karatasi ya kawaida ya A4, ile ya gramu 80, kila moja ina gramu 5. Sio kukisia, ile 80 ni uzito wa mita mraba moja na mita mraba moja inatoa karatasi 16 za A4, gawanya mwenyewe. Kwa hiyo kurasa tatu na bahasha yake ndefu ni kama gramu 20, na kurasa kumi ni 50 kabla ya bahasha. Nunua kamzani kadogo kadijitali ka kupimia unga, kaweke mezani, upime kabla hujatuma mtu na hela pungufu. Bei zinabadilika, ulizia dirishani na ubandike karatasi ya bei ukutani ikiwa na tarehe uliyoulizia. Na ukiprinti mbele na nyuma umepunguza uzito nusu, hii mameneja hawaijui wanabana kwenye chai.

Barua ya kawaida, ya stempu, inafika lakini haina wa kumuuliza. Kwa tangazo, mwaliko, kadi, sawa. Kwa kitu chochote ambacho kesho mtu anaweza kusema "sikupata", tuma kwa rejista, yani barua inayosajiliwa posta, na kwa cha haraka tuma EMS, ile huduma ya haraka ya posta. Zote mbili zinakuja na namba ya kufuatilia, herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa, alafu TZ mwishoni. Ikianza na R ni rejista, ikianza na E ni EMS. Hiyo namba ni ya dunia nzima, barua yako ikifika London wanaiskani hiyohiyo, kwa hiyo iandike kwenye kitabu siku hiyohiyo usisubiri, risiti za posta zile nyembamba zinafutika, ukiiweka kwenye droo karibu na dirisha baada ya miezi sita unabaki na karatasi nyeupe. Mi nazipiga fotokopi, nabandika nakala pembeni ya mstari wake kitabuni.

Za nje ya nchi, labda mwanafunzi ameomba transkripti ipelekwe chuo cha huko, andika jina la nchi mstari wa mwisho kwa herufi kubwa na kwa Kiingereza, watu wa katikati hawajui Uholanzi ni wapi. Karatasi tupu hazina shida ila ukitia kitu, hata kizawadi, unajaza fomu ya forodha. Kuna mhadhiri mmoja alitaka tumwekee korosho nusu kilo ndani ya bahasha ya ripoti kwa rafiki yake wa Ujerumani, nikamwambia mwalimu hizo sio barua tena, nenda nazo mwenyewe dirishani ukajaze fomu na uulize kama zinapita.

Na ujue saa ya gari. Gari la posta lina saa yake ya kuondoka, uliza ni saa ngapi na urudi nyuma kwa muda wa saa moja na nusu, hiyo ndo saa ya mwisho ya ofisi yenu kuleta barua masjala. Ibandike mlangoni. Atakayekuja baada ya hapo na "hii ni ya haraka sana" inaondoka kesho, isipokuwa amekuja na gari.

Kupanga: usimpe mhudumu fungu lililochanganyika. Sisi tuna vishimo vya mbao ukutani, kimoja cha hapa mjini, kimoja cha njia ya Newala (Nanyamba, Tandahimba, Newala), kimoja cha njia ya Masasi ambacho kinabeba na Mtama, Ndanda mpaka Nanyumbu, kimoja cha Lindi na Kilwa, kimoja cha Nachingwea, Ruangwa na Liwale, kimoja Dar na Dodoma, na cha mwisho nje ya nchi. Vikipangwa hivo hata gari la ofisi likienda Masasi kikazi unampa dereva kishimo kizima, anasaini, umeokoa stempu. Oktoba mpaka Desemba minada ya korosho ikipamba moto, viongozi wa vyama vya msingi wanakuja mjini wenyewe karibu kila wiki, na mimi barua zao nazitenga kwenye boksi lao, akitokea mmoja anasaini anachukua ya kwake. Yake tu lakini, usimpe za jirani zake watatu "uwafikishie", utakuja kuulizwa.

Kuna kutuma kwa basi. Najua tunatuma wote, bahasha inapelekwa stendi ya Mkanaledi usiku, kesho yake iko Dar. Kwa kitu cha haraka sikatai, ila pata risiti ya parseli yenye namba ya basi, usimpe konda mkononi kwa kujuana, na mpokeaji apigiwe kabla basi halijaingia. Na uwe na akili ya njia: Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipoleta mvua barabara ya kwenda Dar ilikatika kule Kilwa, mabasi yakalala, na barua za basi zikalala nayo. Aliyekuwa ameskani nakala na kuituma kwa barua pepe kwanza, huku halisi ikifuata, hakupata presha. Tangu hapo kila barua yenye siku ya mwisho naiskani kabla ya kuifunga.

Sasa kitabu cha dispachi, ambacho ndo roho ya yote niliyosema. Tunatumia kaunta buku lenye mistari, safu saba: tarehe ya kutoka, Kumb. Na., inakwenda kwa nani na wapi, idadi ya viambatisho, njia (posta, rejista na namba yake, EMS na namba yake, mkono, basi), jina la aliyepokea na saini yake, na tarehe aliyopokea. Ile tarehe ya kupokea wengi hawaiweki. Saini bila tarehe ni nusu ushahidi, mtu atasema alisaini mwezi uliofuata na wewe utabisha kwa lipi. Na jina aandike la kusomeka, saini za watu wa mapokezi zote zinafanana, mnyoo umepinda. Ofisi zenye kupokea barua wanapiga na mhuri wa "IMEPOKELEWA", ukipata huo ni afadhali kuliko saini kumi.

Usifute. Ukikosea piga mstari mmoja, saini pembeni, andika upya chini. Kuna kijana wa fildi alipaka korekta kwenye mstari mmoja, kosa dogo tu la tarehe, mkaguzi alipofika ukurasa huo alikaa nao nusu saa anauinua kwenye mwanga.

Wengine wanasema kitabu kimepitwa, weka kwenye kompyuta. Weka, mimi pia ninayo kwenye Excel kwa ajili ya kutafuta haraka. Lakini kompyuta haisainiwi na mzee wa mapokezi kule wilayani, na umeme ukikatika saa nne asubuhi mtu ameegemea mlango anauliza ile barua yangu, kitabu kinafunguka bila chaji.

Mwisho ni zinazorudi. Bahasha ikirudi na maandishi ya posta "haijulikani" au "sanduku limefungwa" usiifungue na usiitupe. Andika kwenye kitabu, mstari uleule ilipotoka, "imerudi" na tarehe, alafu ipeleke kwa ofisa aliyeiandika ikiwa bado imefungwa hivohivo, maana ile mihuri ya posta ya kwenda na kurudi ndo inayoonyesha mlituma kweli. Yeye ndo aamue kutafuta anwani nyingine. Akisema itumwe tena, bahasha mpya, mstari mpya kitabuni, na ile ya zamani inaingia kwenye jalada na folio yake. Wiki iliyopita ilirudi moja ya Liwale, nikampigia mwenyewe, kumbe amehamia Nachingwea na bado anaisubiri, akaniuliza "dada, ilitoka lini?" Nikafungua kitabu nikamsomea.